Nimenunua Mpira Wangu Mwenyewe Mara Tatu

Jamani, kama una shemeji aliyehamia Arusha akapata vijisenti, siku akikupigia simu kukwambia "njoo upumzike mlimani," mwulize kwanza: kupumzika kwa namna gani? Mimi sikuuliza. Nilifunga dagaa wangu wa Kibirizi, nikabeba na dumu la mawese, nikapanda basi hapa Kigoma gizagiza. Huko kaskazini nilishuka miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Kulipokucha akanipeleka kwenye hoteli moja chini ya Mlima Meru, eti tukacheze gofu. Nyasi zimekatwa zikalala kama zulia la msikitini. Nusura nivue viatu. Baridi nayo ilikuwa ya kugonganisha meno. Sisi wa ziwani baridi tunaijua ya Juni tu, tena kwa kuhadithiwa.

Mlangoni nikazuiwa. Msuli hauruhusiwi, ni suruali na shati lenye kola. Mimi, mtu mzima wa Ujiji! Msuli huu nimeuswalia, nimekaa nao kwenye posa za watu, leo haufai kukanyagia majani? Nikaelekezwa dukani kwao. Nilitoka na shati ambalo bei yake mama watoto mpaka leo anaijua nusu.

Haya, mchezo wenyewe ndio huo gofu. Begi moja, fimbo kumi na nne. Zikizidi hapo umevunja sheria. Mpira haupaswi kuzidi gramu 45.93. Mimi dagaa nawapima kwa sado, nikiongeza kiganja ni sadaka, nikipunguza tunaelewana na Mola. Hawa wenzetu wanakipima kijiyai mpaka vipande vya gramu, halafu wanakipiga kikapotee vichakani! Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, kikombe cha uji. Nalo hulioni. Unaonyeshwa kibendera huko juu, unaambiwa, "Piga pale."

"Mlimani hewa nyepesi, shemeji," akanitia moyo. "Mpira unakwenda mbali kuliko pwani."

Hakusema uongo. Wake ulikwenda. Wangu ulibaki juu ya kijiti chake umetulia kama bibi harusi. Kilichoruka ni bonge la nyasi, tena liliruka vizuri tu. Na hiyo hewa nyepesi ndiyo niliyokuwa naitafuta kwa mdomo wazi kuanzia shimo la tatu. Mashimo ni kumi na nane, na kuyamaliza yote ni mwendo wa kilomita kadhaa, hata kwa anayenyoosha njia. Mimi nilikuwa napita upande huu wa vichaka, narudi na ule. Nyuma yetu mtu akapiga kelele: "Foo!" Mtu wa Ujiji akisikia kelele anageuka aone kuna nini. Kumbe maana yake ni ujikinge kichwa, mpira unakuja. Ulipita karibu na sikio, nikausikia ukinong'ona.

Kilichonichanganya zaidi ni hesabu. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Miaka ishirini niko kwenye biashara, sijaona mwenye kidogo akapigiwa makofi. Bora walipo ni kwamba wana mkopo: wanauita handikepu, na anayeanza anaweza kupewa mpaka mikwaju 54 ya kupunguziwa. Hauna riba wala dhamana! Nikamwambia shemeji, huu mchezo una benki nzuri kuliko zetu. Halafu akaniambia hakuna refa wa kukufuata, kila mtu anataja mwenyewe idadi yake. Hapo nikanyamaza kidogo. Hebu fikiria pale sokoni Mwanga mteja aachiwe sado ajipimie.

Mpira ukipotea unatafutwa kwa dakika tatu tu. Zamani zilikuwa tano, tangu 2019 wakazipunguza. Sasa mimi natoka mji uliopata jina kwa kutafutwa mtu! Stanley aliondoka pwani Machi 1871 anamtafuta Livingstone, akaja kumkuta kwetu Ujiji mwaka unakaribia kuisha. Angepewa dakika za gofu, hata mto Kingani asingeuvuka, na makumbusho yetu leo ingekuwa kibanda cha chipsi.

Kedi, yaani mbeba fimbo wangu, kijana mpole, alikuwa amenishauri niuwekee mpira wangu alama. Nikauchorea ile ninayoweka kwenye magunia, kidagaa chenye mkia. Shimo la tano ukapotea, dakika tatu zikaisha, basi. Kufika la saba nikakuta watoto wameegemea uzio na ndoo ya mipira. Nachungulia, kidagaa changu kinaniangalia! "Elfu mbili, babu." Nikalipa. La kumi na moja ukapotea tena, wakaniuzia elfu mbili na mia tano. Mara ya tatu wakataka elfu tatu. Nauliza kwa nini unapanda wakati unachakaa, kakajibu kadogo kuliko wote: "Huu unajulikana, babu, una jina." Wallahi yule mtoto nikipewa, namfungulia meza Kibirizi kesho.

Penye shimo nako kuna mambo. Jicho linaona mteremko unaelekea kulia, kedi ananiambia unaelekea kushoto, eti mlima unavuta jicho na mpira daima unaukimbia mlima. Sikumsikiliza. Mpira ukaukimbia mlima.

Nimerudi Kigoma, nimeapa mbele ya kijiwe kizima kwamba ule si mchezo, ni kulipia kupanda kilima, na vilima tunavyo vya bure. Ila jana jioni nilikuwa uani, kikombe nimekilaza chini ya mwembe, nikawa najaribu mkono kidogo na mwiko wa ugali na chikichi. Kujaribu tu. Chikichi ikaingia! Nikajisemea kwa sauti, "Sita."

Mama watoto alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. "Nimehesabu kumi na moja."

Nikamweleza taratibu kwamba kwenye gofu kila mtu anajihesabia.

Akanitazama, akalitazama lile shati lenye kola pale kwenye kamba. "Na hilo nalo ulijihesabia?"