Alama za ramani kwenye Android: kiraka si uvivu

Wanaotengeneza apu za kampuni za utalii Arusha na Moshi wanaifahamu hitilafu hii. Kwenye iPhone alama zenye picha za mageti na kambi zinakaa vizuri juu ya ramani. Kwenye Android hazionekani, au zinatokea zimefifia. Wapo wanaoshikilia kwamba tusubiri react-native-maps, maktaba ya kuweka ramani kwenye apu za React Native, irekebishwe badala ya kuweka kiraka, yaani msimbo wa muda wa kukwepa hitilafu, kwa sababu kiraka kikishasahaulika kinakuja kugongana na toleo jipya na hakuna anayekumbuka kiliwekwa kwa nini. Hilo ni kweli, na limeshagharimu watu usiku mzima wa kutafuta kosa.

Ila tuangalie Android inavyofanya. Alama uliyoibuni hugeuzwa picha tuli, na picha hiyo ndiyo inayobandikwa kwenye ramani. Ikigeuzwa kabla picha ya kambi haijapakiwa, panabaki patupu. Ukiacha tracksViewChanges, sifa inayoiambia ramani ifuatilie mabadiliko ya alama, ikiwa true, alama inachorwa upya tena na tena, na ramani yenye alama nyingi inakwama hata ukiisogeza kidogo tu. Kwa hiyo kiraka ni hiki: anza na true, picha ikishapakiwa weka false.

Kinachoharibu ni utekelezaji. Wengi wanaiweka false kwenye onLoad, tukio linaloitwa picha ikishapakiwa. Picha ya React Native kwenye Android hujitokeza taratibu kwa milisekunde 300. Ukizima mapema, alama inaganda ikiwa nusu imefifia. Weka fadeDuration, yaani muda huo wa kujitokeza, kuwa 0. Kubwa zaidi, onLoad haiitwi picha ikishindwa kupakiwa. Mwongoza watalii yuko Barafu, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo zaidi ya mita 4,600, mtandao hakuna, picha zinatoka kwenye seva: alama zote zinabaki true, na simu inaendelea kuchora muda wote ramani ikiwa wazi. Betri inakwisha huko kwenye baridi ambayo tayari inaidhoofisha, na safari ya kupanda mlima huo kwa njia ya Machame ni siku sita au saba bila soketi ya kuchajia. Tumia onLoadEnd, ambayo huitwa picha ipatikane isipatikane, na picha za kambi zifungashwe ndani ya apu yenyewe.

Mwongoza watalii huyo hawezi kuambiwa asubiri toleo lijalo. Hofu ya wanaopinga inatibika: kiraka kikae kwenye faili moja, pembeni iandikwe namba ya toleo la maktaba, na kila mkipandisha toleo mkiondoe kwanza, mjaribu kwenye simu ya Android ya bei nafuu.

Geti na kambi hazibadiliki, hivyo zipewe PNG iliyo tayari kupitia sifa ya image. Hapo kiraka hakihitajiki kabisa. Kibaki kwa alama zenye maandishi yanayobadilika, kama idadi ya wapandaji, na kila idadi ikibadilika uite redraw, amri ya kuichora alama upya, la sivyo namba ya asubuhi itabaki hapo hadi jioni.