Kalavati Linalopimwa kwa Mto

Barabara imefungwa tena. Hapa jimbo la Washington, Marekani, kiangazi kikifika tu, unakuta kibao cha kukuzungusha njia nyingine, na kule mbele lami imechimbuliwa kwa ajili ya kijito ambacho mtoto anakiruka. Foleni inachosha, nakubali. Lakini ukijua kinachotolewa na kinachowekwa, hasira inageuka wivu.

Kinachotolewa ni kalavati la zamani, bomba la kupitisha kijito chini ya barabara. Bomba jembamba hubana maji, yanatoka kwa kasi na kuchimba upande wa kutokea, mpaka miaka ikipita mdomo wake unaning'inia juu ya dimbwi. Samoni anayetoka baharini kupanda kutaga anagota hapo. Anguko la maji likizidi sentimita 24, kalavati hilo linahesabiwa kizuizi. Samaki mkubwa huenda akaruka, mdogo hawezi. Jipya hupimwa kwa mto, siyo kwa barabara: chukua upana wa kijito kikijaa kingo kwa kingo, zidisha kwa 1.2, ongeza sentimita 60. Kijito cha mita 3 kinapata kalavati la mita 4.2. Kisha angalau asilimia 30 ya kimo chake huzikwa chini ya usawa wa mchanga wa kijito, na ndani hujazwa kokoto.

Najua mtasema: "Umeshakuwa Mzungu wewe, wenzako hela wanazo." Wanazo, ila hawakuzitoa kwa hiari. Makabila ya wenyeji, yenye haki ya kuvua kwa mikataba ya miaka ya 1850, yaliipeleka serikali ya jimbo mahakamani mwaka 2001. Amri ya kuondoa makalavati yanayozuia samaki ikatoka 2013, na 2018 Mahakama ya Juu ikagawanyika 4 kwa 4, amri ikabaki. Mwisho wa kazi ni 2030. Wanajenga barabara ileile mara ya pili, kwa mabilioni ya dola. Sisi Tanzania nyingi ndiyo kwanza tunazijenga! Hapo ndipo ninapoumia.

Na msiniambie samaki wetu hawapandi mito. Watu wa Kagera na Mara mnamjua ningu, samaki wa Ziwa Victoria, anavyosubiri mvua apande mto kutaga. Alimalizwa na nyavu midomoni mwa mito, siyo na makalavati, hilo sibishi. Lakini waliobaki wapite wapi? Sheria ya kulinda mita 60 za ukingo wa mto tunayo tangu 2004. Mainjinia tunao, tena hodari: kule Kihansi, bwawa lilipochukua maji ya maporomoko, vyura walioishi kwa manyunyu yake waliwekewa mabomba ya kuwanyunyizia. Nchi iliyoweza hilo inashindwaje kuzika kalavati?

Mkandarasi akileta mabomba matatu ya sentimita 90 badala ya boksi moja pana, mkatalieni. Magogo na takataka za masika zitanasa katikati, na barabara itakatika. Kabla hajakabidhi kazi, pimeni upande wa kutokea maji. Sakafu ya kalavati ikiwa juu ya mchanga wa mto, asilipwe.