Msimbo nao una stakabadhi yake

Msimu wa korosho ukikaribia, vijana wanaotengeneza mifumo ya kompyuta ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hapa Mtwara huanza kubishana juu ya jambo ambalo mkulima halisikii: programu huria ya kuchukua mtandaoni, ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa wote, isomwe kwanza leseni na nyaraka zake, au ipachikwe tu kazi iende? Nimeyakuta mabishano hayo zaidi ya mara moja. Kila mara anayesema "tusome kwanza" ndiye anayeonekana mwoga, mtu wa makaratasi. Naona anaonewa.

Wenye haraka nao wana hoja, na si za uvivu. Mnada haumsubiri mtu. Leseni zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ukichukua maktaba moja ya JavaScript, yaani kifurushi cha msimbo ulio tayari, inaweza kuja na nyingine mamia nyuma yake, nani atazimaliza? Tena, kusoma si kinga. XZ Utils, programu ya kubana mafaili, ilikuwa na leseni inayoeleweka na historia ndefu, lakini Machi 2024 ilikutwa na mlango wa siri uliopandikizwa na mmoja wa watunzaji wake. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde. Hakuna leseni ambayo ingemwonyesha hilo.

Nakubali yote hayo. Ila mlango wa nyumba nao hauzuii kila mwizi, na bado tunaufunga.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni msimbo usio na leseni kabisa. Kijana anakuta kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, kazi safi ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali na kuupeleka kwenye simu. Iko wazi, mwenyewe hakuandika sharti lolote. Kijana anaamua kwamba kwa kuwa hakuna sharti, ni ya bure. Ni kinyume kabisa. Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila kusajiliwa. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta pia. Masharti ya GitHub yanaruhusu wengine kuutazama msimbo huo na kuunakili humohumo GitHub. Hayampi mtu ruhusa ya kuuchukua, kuubadili na kuuza kwa chama cha ushirika. Aliyekaa kimya hajatoa kitu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba siku ya kwanza halionekani. Mfumo utafanya kazi, kilo zitaandikwa, wakulima watalipwa. Halafu miaka miwili baadaye chama kikuu kinaupenda, kinataka kuununua kwa ajili ya vyama vyake vyote, na mwanasheria wao anauliza: kila kipande humu ni cha nani? Hapo kijana aliyekesha usiku na mchana anajikuta anauza kitu ambacho sehemu yake si yake. Na dawa yake ilikuwa ujumbe wa mistari mitatu kwa mwenye msimbo, kumwomba aweke leseni, kwa kuwa huenda alisahau tu.

Sisi watu wa kusini tusingepaswa kufundishwa hili. Tangu msimu wa 2007/2008 tunauza korosho kwa stakabadhi ghalani: mzigo unapokelewa ghalani na kuandikiwa hati kabla ya kuuzwa. Tumeulalamikia mfumo huo kwa mengi, malipo kuchelewa hasa, lakini sijamsikia mkulima akitaka magunia yake yapokelewe bila kuandikwa uzito, daraja na jina la mwenyewe.

Na kusoma kwenyewe si kuzito hivyo. Leseni ya MIT haifiki maneno 200: tumia, badili, uza, ila bakiza tamko la hakimiliki na maneno ya leseni, na usitegemee dhamana yoyote. Leseni ya GPL inasema ukiwagawia watu programu, wape na msimbo chanzo kwa masharti yaleyale. AGPL, ndugu yake, inakwenda mbali zaidi: ukiibadili programu na makarani wakaitumia kupitia mtandao tu, nao wana haki ya kupewa msimbo wa toleo hilo. Binafsi naona hilo lingevifaa vyama vyetu, maana hakuna chama kingebaki mateka wa fundi mmoja. Lakini lijulikane kabla hujasaini mkataba unaosema msimbo wote ni siri.

Zile maktaba mamia zinazokuja nyuma zina zana za kuziorodhesha pamoja na leseni zake, na zana hizo nazo ni huria. Orodha hiyo ina faida nyingine. Udhaifu wa kiusalama wa Log4j, maktaba inayotumika ndani ya programu nyingi, ulipotangazwa Desemba 2021, mafundi wengi duniani walianza kwa kutafuta kama wanayo au hawana.

Zimebaki nyaraka, yaani maelezo ya jinsi programu inavyofanya kazi. Humo mimi hutafuta kwanza jambo moja: mtandao ukikatika katikati ya kupima, uzito unahifadhiwa kwenye simu au unapotea? Nyaraka zisiposema, zima data, pima gunia moja, washa tena, uone kama kilo zote zimefika.