Machozi ya ukumbini hayamfikishi mtu barazani

Eti mwelekezi wa mchezo wa kuigiza akiweza kuwaliza watazamaji, nusu ya kazi ya uanaharakati imekwisha. Ndivyo nilivyoielewa hoja ya makala moja niliyosoma kuhusu michezo ya uanaharakati, na siafiki hata kidogo. Nimeelekeza michezo ya jamii katika kumbi za mitaa ya Eastlands, Nairobi, na mara nyingi aliyelia sana ndiye aliyetoka wa kwanza, roho imetulia, akawahi matatu. Watu hushikika ukiukatiza mchezo pale mwenye nyumba anapowafungia wapangaji maji, umwulize mama aliyeketi safu ya tatu angefanyaje, kisha umpandishe jukwaani ajaribu huku mwigizaji akimbana kwelikweli. Ni mbinu aliyoieneza Augusto Boal, mwelekezi wa michezo ya kuigiza wa Brazil, na hapa kwetu inakubali sana kwa sababu Mkenya haishi kujibizana. Hapo ndipo mtu huuliza kikao cha bajeti ya wadi ni lini, na mwelekezi asiye na jibu ameharibu jioni yake. Kule Kamiriithu, kijiji cha Limuru, mwaka wa 1977 mazoezi ya “Ngaahika Ndeenda”, mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, yalifanywa hadharani, wanakijiji wakawa wanarekebisha mazungumzo ya waigizaji. Mchezo ulipigwa marufuku, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Nadhani serikali ilitishwa na hao wanakijiji kuliko mistari yoyote. Makala yanasifu taa na muziki, sawa, ila baada ya makofi je? Wenzangu mnaoigiza Mathare na Kibera, watazamaji wenu mnawaelekeza wapi usiku huo?