Asidi ya laktobioniki: kwenye kuhifadhi viungo imejithibitisha, kwenye kupeleka dawa kwenye ini bado inadaiwa

Ukifungua pepa za utafiti wa dawa za ini za miaka ya karibuni utakutana nayo tu. Asidi ya laktobioniki imeunganishwa na vibeba dawa vya kila aina, kitosani, chembechembe za dhahabu, dendrima, liposomu, na kila mara maelezo ni yale yale, kwamba galaktosi yake inashikwa na kipokezi kilichopo kwenye seli za ini kwa hiyo dawa itafika ini moja kwa moja. Upande wa pili wapo wanaosema hii kitu imeshapitwa na wakati, GalNAc (sukari ndugu ya galaktosi) imeshinda, anayeendelea nayo anapoteza hela za watu. Mimi naona pande zote mbili zinachanganya mambo, kwa sababu asidi hii maabara inafanya kazi mbili tofauti kabisa na ushahidi wa kazi hizo haulingani hata kidogo, halafu watu wanachukua heshima iliyopatikana kwenye kazi moja wanaihamishia kwenye nyingine bila kupima.

Yenyewe inatoka kwenye laktosi, sukari ya maziwa. Laktosi ni galaktosi na glukosi zimeshikana, ukioksidisha upande wa glukosi pete yake inafunguka inakuwa asidi ya glukoniki, upande wa galaktosi unabaki vile vile. Unapata molekuli ya kama gramu 358 kwa moli, ambayo kwenye pH ya mwili inabeba chaji hasi (hapo ndo tunaiita laktobioneti), inapenda maji, na haipenyi utando wa seli kirahisi. Tena inashika kalsiamu. Hoja zote nitakazozitaja, za kuitetea na za kuipinga, zinatoka kwenye mambo hayo: haipenyi, ina galaktosi iliyo wazi, na inashika kalsiamu.

Tuanze na kule ilikojithibitisha. Kiungo kikitolewa mwilini kinapozwa ili seli zipunguze matumizi ya nishati, lakini baridi hiyo hiyo inazima pampu za sodiamu na potasiamu, sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli zinavimba. Kinachotakiwa ni kitu kikae nje ya seli kiyazuie maji yasiingie. Maji ya Collins ya mwaka 1969 na yale ya Euro-Collins yaliyofuata yalitegemea glukosi, na kwa figo yalisaidia sana, ila glukosi inapita kwenye seli za ini kama mlango uko wazi, sasa itazuia nini? Folkert Belzer na James Southard pale Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakatafuta molekuli kubwa zaidi zenye chaji, wakafika kwenye laktobioneti milimola 100 kwa lita, wakaongeza rafinosi milimola 30, adenosini, glutathioni, alopurinoli na wanga maalumu uliofanyiwa marekebisho, yakawa maji yanayojulikana kama UW. Miaka ya 1980 timu yao ilionyesha kongosho za mbwa zinakaa saa 72 na bado zinafanya kazi zikirudishwa mwilini. Kabla ya hapo ini la binadamu lilikuwa la kukimbizana nalo ndani ya saa chache tu, upasuaji unafanyika usiku wa manane kwa sababu hakuna namna, na baada ya UW madaktari wakaanza kupata muda wa kupanga, kusafirisha ini kutoka mji mwingine, kumwandaa mgonjwa vizuri. Kwenye figo pia, jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa 1992 lilionyesha figo zilizochelewa kuanza kazi zilikuwa asilimia 23 kwa UW na asilimia 33 kwa Euro-Collins. Hiyo tofauti ya asilimia 10 ni watu halisi ambao hawakulazimika kurudi kwenye mashine ya dialisisi wakati wana figo mpya tumboni.

Sasa wapinzani wana hoja, na ni hoja za kweli. UW ni mazito kwa sababu ya ule wanga, na wanga wenyewe umeonekana kufanya chembe nyekundu za damu zishikane. Potasiamu yake iko juu, kama milimola 125, kwa hiyo ini lazima lisuuzwe kabla ya kuunganishwa na damu ya mgonjwa, ukizembea moyo unaweza kusimama. Na bei yake si mchezo. Halafu kuna HTK, maji ya Mjerumani Bretschneider yaliyoanzia kwenye upasuaji wa moyo, ni mepesi, yanategemea histidini, hayana laktobioneti hata tone, na hospitali nyingi duniani zinayatumia kwa ini na figo. Kwa hiyo mtu akikwambia bila laktobioneti hakuna upandikizaji, hapo ametia chumvi.

Ila angalia waliokuja kuirekebisha UW walitupa nini na wakabakiza nini. IGL-1 ya Wafaransa ilitoa wanga ikaweka polima ya PEG, ikageuza sodiamu iwe juu na potasiamu chini, laktobioneti ikabaki pale pale milimola 100. Celsior iliyotengenezwa kwa ajili ya moyo ilibadilisha karibu kila kitu, lakini laktobioneti ipo, milimola 80. Na kwenye maji ya mashine inayosukuma maji ndani ya figo ikisubiri kupandikizwa, Belzer mwenyewe alitumia glukoneti, ambayo figo inaivumilia vizuri. Yaani watu wametoa kimoja kimoja, wamejaribu, na jibu linategemea kiungo gani kinahifadhiwa. Huo ndo ushahidi ninaoupenda, wa kutoa kitu na kuona nini kinaharibika, na laktobioneti imeupita mtihani huo kwa miaka zaidi ya 30.

Kwa huku kwetu hili suala lina sura yake. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Mulago ya Uganda ikafuata Desemba 2023, na figo zinatoka kwa ndugu aliye hai, mtoaji yuko chumba hiki na mpokeaji yuko chumba cha pili. Figo inakaa kwenye baridi muda mfupi sana, kwa hiyo faida kubwa ya UW, yaani muda mrefu, haionekani kivile. Siku tukianza kuchukua viungo kwa waliofariki na kuvisafirisha kutoka mkoa hadi mkoa hesabu itabadilika, na barabara zetu tunazijua.

Kazi nyingine ya aina hiyo hiyo, ambayo haisemwi sana, ni kwenye vipimo vya mitokondria. Bafa (maji ya chumvi ya kupimia) ya MiR05 iliyotoka kwenye maabara ya Erich Gnaiger kule Innsbruck, Austria, ina laktobioneti ya potasiamu milimola 60. Wengi walizoea kloraidi ya potasiamu kwa sababu ni rahisi na ipo kila maabara, lakini ndani ya seli kloraidi haijai kiasi hicho, kwa hiyo unapima upumuaji wa mitokondria kwenye mazingira ambayo haijawahi kuishi. Laktobioneti inakuletea potasiamu bila kukujazia kloraidi. Shida ni ile kalsiamu. Ukiibadilisha kloraidi kwa laktobioneti kwenye jaribio linalotegemea kalsiamu na hukurekebisha hesabu, kalsiamu huru inashuka halafu unaandika kwamba dawa yako ndo imefanya hayo, kumbe ni bafa. Nawaomba sana wanafunzi wanaonakili bafa kwenye pepa za watu waliangalie hili, linaharibu data nzuri kimya kimya.

Sasa tuje kwenye ini na dawa, ambako ndo penye kelele. Msingi wake ni safi kabisa. Miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell walikuwa wanachunguza seruloplazmini, protini ya damu inayobeba shaba, wakagundua kwamba ukiinyoa asidi ya sialiki (sukari ya ncha) ya mwisho galaktosi inabaki wazi, na ukiichoma kwa sungura inapotea kwenye damu ndani ya dakika chache tu, unaikuta kwenye ini. Hapo ndo kikatoka kipokezi cha asialoglaikoprotini, ambacho kimejaa kwenye seli za ini kuliko popote. Asidi ya laktobioniki ina galaktosi hiyo iliyo wazi na upande wa pili ina kundi la kaboksili unaloweza kulifunga kwenye polima yoyote yenye amini kwa kemia ya EDC (kemikali ya kuunganishia) ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa masters anaiweza. Ni bei poa. Hata mwilini siyo mgeni, eritromaisini ya kuchoma mshipani inakuja kama chumvi ya laktobioneti. Na kwenye kukuza seli Wajapani Kobayashi na Akaike miaka ya 1980 walitengeneza polima yenye mikono ya laktosi, PVLA, ambayo seli za ini zinaishika kupitia galaktosi, na hiyo kazi naiheshimu mno kwa sababu sahani nzima imejaa galaktosi, kipokezi hakipapasi, kinakuta msitu.

Hapo kwenye neno msitu ndo penye siri. Galaktosi moja peke yake inashikwa kwa udhaifu, kiwango cha milimola, yaani inabidi iwe nyingi ndipo ishikwe. Zikiwa tatu na zimepangwa kwa umbali unaofaa, nguvu inapanda mara maelfu. Kwa hiyo kusema tu umefunga asidi ya laktobioniki kwenye chembe hakutoshi, ziko ngapi, zimekaaje, zimefunikwa na protini za damu au la? GalNAc inashikwa kwa nguvu zaidi kuliko galaktosi, na ikipangwa tatu tatu imezaa dawa zinazotumika kweli, givosirani ilipitishwa Marekani mwaka 2019 na inklisirani ya kolesteroli ikapitishwa Ulaya 2020. Upande wa laktobioniki sina dawa ya namna hiyo ya kuwatajia, pamoja na pepa zote hizo.

Na kuna tatizo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hilo la nguvu. Wengi wanalenga saratani ya ini, lakini kipokezi hiki ni cha seli za ini zenye afya. Saratani iliyokomaa vibaya, ile ambayo seli zake zimeshapoteza sura ya ini, inakuwa nacho kidogo. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2002 la PK2, doksorubisini kwenye polima yenye galaktosamini, wakapiga picha wakaona dawa imefika ini kweli, ila tishu yenye afya ilichukua zaidi ya uvimbe. Watetezi wanasema, na wana haki, kwamba hata kilichofika kwenye uvimbe kilikadiriwa kuwa kingi kuliko ambavyo doksorubisini ya kawaida ingefikisha. Sawa. Lakini mgonjwa wa Afrika Mashariki mwenye saratani ya ini mara nyingi ini lake limeshapigwa na hepataitisi B au sumukuvu kwa miaka, na amefika hospitali kachelewa. Kipande cha ini chenye afya kilichobaki ndicho kinachomweka hai. Kukipelekea sumu hicho kwanza ni jambo la kupimwa kwa uzito, na pepa inayoishia kwenye seli za HepG2 (seli za saratani ya ini za maabara) kwenye sahani haiwezi kulijibu.

Sisemi iachwe. Kwa maabara ya Dar, Nairobi au Kampala yenye bajeti ndogo asidi ya laktobioniki ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwenye sahani za kukuzia seli za ini na kwenye dawa zinazolenga ini lenyewe, kama virusi vya hepataitisi B, ambapo kwenda kwenye seli za ini za kawaida ndo lengo. Ninachodai ni vipimo vya ulinganisho. Weka galaktosi huru au asialofetuini (protini yenye galaktosi wazi) ili zizibe kipokezi, uone kama chembe zako zinaacha kuingia. Tumia seli zisizo na kipokezi. Tengeneza chembe zile zile zenye glukoneti badala ya laktobioneti, maana hiyo ina chaji inayofanana ila haina galaktosi, na ukiona zinaingia sawa sawa basi ujue kilichokuwa kinafanya kazi si galaktosi. Galektini, protini nyingine za mwili, nazo zinashika galaktosi na zimejaa kwenye saratani nyingi, kwa hiyo kuingia tu kwenye seli ya saratani hakuthibitishi kipokezi cha ini. Jaribio la glukoneti linagharimu wiki moja au mbili na kemikali ya bei ndogo kuliko laktobioniki yenyewe, na bado pepa nyingi nilizosoma hazina.