Selimundu ni ugonjwa adimu kwa hesabu ya nani?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 kuhusu dawa za magonjwa adimu ina kipimo chepesi. Ugonjwa ukiwa na wagonjwa wasiofika 200,000 nchini humo, kampuni inayoutafutia dawa hupunguziwa kodi kwenye gharama za majaribio, na dawa ikiidhinishwa hulindwa dhidi ya washindani kwa miaka 7. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi wenye wagonjwa wapatao 100,000 Marekani, inaingia bila tabu. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Basi ugonjwa ambao wauguzi wa Mwanza na Kinshasa hukutana nao kila siku unatafutiwa dawa kwa masharti ya soko ambako wagonjwa wake ni wachache.

Wanaoitetea sheria hiyo hawabahatishi. Katika miaka ya 1970 dawa za magonjwa adimu zilizofika sokoni hazikutimia hata kumi. Tangu ipitishwe zimekuja kwa mamia. Selimundu ilielezwa kitabibu Chicago mwaka 1910, na mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kuwa tatizo liko kwenye hemoglobini yenyewe, protini ya damu inayobeba oksijeni. Pamoja na hayo, dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani, haidroksiurea, ilisubiri hadi 1998, na hata hiyo iliazimwa kutoka kwenye saratani.

Mwishoni mwa 2023 ikaidhinishwa Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni, yaani kubadilisha maelekezo ya urithi ndani ya seli, Uingereza kwanza kisha Marekani. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa.

Lakini tuiweke bei kando kwanza. Mgonjwa hutolewa seli mama za damu, ambazo hupelekwa maabara na kushughulikiwa kwa miezi. Kisha hupewa dawa kali ya kuua uloto wake (tishu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu), dawa ambayo inaweza kumnyima uzazi, ndipo seli zake zirudishwe naye abaki wodini wiki kadhaa akisubiri uloto mpya. Hata ingetolewa bure, ni hospitali chache sana za ukanda wetu zingeimudu. Benjamin Mkapa ya Dodoma imeanza kupandikiza uloto, jambo la kujivunia kweli, ila kwa watoto wachache tu.

Casgevy hufanya kazi kwa kuamsha hemoglobini ya kichanga, ambayo mwili huizima mtoto anapokua. Haidroksiurea, kidonge kisicho ghali, nayo huiamsha, ingawa kwa kiwango kidogo. Utafiti uitwao REACH uliwapa kidonge hicho watoto zaidi ya 600 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha kwamba maumivu, kuongezewa damu na vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua.

Kwa hiyo fedha zote ziende kwenye vidonge? Nisingefika huko. Haidroksiurea haiponyeshi, hunywewa kila siku, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Wengine hujibu kwamba kila tiba mpya huanza ghali, wakitaja dawa za kufubaza VVU zilizoshuka kutoka zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka hadi chini ya 100. Mfano huo haunishawishi. Zile zilishuka kwa sababu kiwanda cha India kiliweza kunakili kidonge. Casgevy hutengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kwa seli zake mwenyewe.

Kinachonivutia ni njia nyingine: sindano ya kuhariri jeni ndani ya mwili, bila kuua uloto. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila upande, kwa miaka minne, kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazowezekana katika nchi maskini. Kampuni haina haraka na soko hilo, kwa hiyo hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika zaidi, na ziambatane na sharti la bei tangu mwanzo. Bajeti hiyo hiyo ibebe pia upimaji wa tone la damu la kichanga. Watoto wengi wetu hawapimwi wanapozaliwa, na asiyejulikana kuwa na selimundu hatapata sindano wala kidonge.