"Atrocity" si jina la shtaka

Mwandishi, katika habari yako umesema makamanda unaowaandika watashtakiwa kwa "atrocity". Hakuna shtaka la jina hilo. Kwa Kiingereza ni neno la jumla la unyama uliopindukia, na magazeti hulitumia zaidi kwa wingi, atrocities, kwa maana ya matendo yenyewe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2014 umelitumia kukusanya makosa matatu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Kila kosa lina ushahidi wake, na hapo ndipo habari nyingi zinapoharibika.

Mauaji ya kimbari yanadai ithibitishwe nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Wingi wa maiti peke yake hautoshi! Uhalifu dhidi ya binadamu unadai shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, hata pasipo vita. Uhalifu wa kivita bila mapigano ya silaha haupo.

Someni hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda, iliyotolewa Arusha na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda tarehe 2 Septemba 1998. Alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, ubakaji ukihesabiwa humo, na kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Mashtaka ya kukiuka Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, ambayo ndiyo ya uhalifu wa kivita, yakaanguka, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha uhusiano wa Akayesu na majeshi yaliyokuwa yakipigana. Ni Taba ileile, na wahanga walewale.

Kwa hiyo nakili shtaka neno kwa neno kutoka kwenye hati ya mashtaka.